Siku Kijiji Kilipokopa Viti

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ambayo kijiji chetu kizima kilikwenda kukopa viti. Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia, na mgongo wangu ulikuwa mgongo kweli, si huu wa leo ambao hauwezi kuokota hata kijiko bila kuomba ruhusa. Nilitoka kanisani na viti viwili kichwani na benchi begani, na nilikuwa naimba. Mtu anaweza kubeba jeneza la ndugu yake akiimba, kama hakuambiwa ndani kuna nini.

Lakini ngoja nianze mbali kidogo. Anayekula bugali, huu ugali wetu, bila kujua muhogo ulikotoka atafikiri unaota ndani ya sufuria.

Kijiji chetu kiko ufukweni mwa ziwa, kusini ya mji wa Baraka. Upande wa mama yangu ni Waislamu wa ziwani, watu wa mitumbwi na biashara. Upande wa baba ni Wabembe wa Kiprotestanti, watu wa muhogo na wa nyimbo ndefu. Kwa hiyo mimi nilikula Idi na nikala Noeli, na nilichapwa pande zote mbili. Shule tulikuwa nayo moja tu. Kuta zake zilijengwa na wamisionari, halafu Leta ikaja ikasema kuanzia leo shule hii ni yangu. Leta ndiyo serikali, sisi tunaiita hivyo tangu wakati wa babu zetu. Tukapiga makofi. Ikaleta bendera, ikaleta mlingoti, ikaleta picha ya mkubwa wa nchi ya kutundika ukutani. Mishahara ya walimu nayo ilikuja, mwanzoni. Halafu ikaanza kuchelewa. Halafu ikaanza kuja nusu. Mwisho ikawa kama mvua ya kiangazi, watu wanaangalia juu, wanasema labda, wanaingia ndani kulala.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuacha shule, darasa la tatu, sababu nitakuambia siku nyingine, haina heshima. Niliingia ziwani kuvua ndakala, wale samaki wadogo ambao kwingine wanawaita dagaa.

Walimu walipoanza kuondoka, wazazi walikutana wakasema hapana, tutawalisha sisi wenyewe. Wakulima wakatoa muhogo na maharage. Wavuvi tukatoa beseni. Ilikuwa hivi: mtumbwi ukifika asubuhi, kabla mwenye mtumbwi hajachukua fungu lake, na kabla sisi wa kuvuta wavu hatujagawana, beseni moja la ndakala lilimiminwa pembeni. Hilo la mwalimu. Hata mlevi hakuthubutu kuligusa. Tulijivuna nalo sana lile beseni. Watu wa vijiji vingine wakipita tuliwaonyesha: tazameni, sisi mwalimu wetu hafi njaa.

Sasa sikiliza ubaya ulipoingilia. Ndakala anavuliwa kwa taa. Unawasha karabai juu ya maji meusi, naye maskini anakuja kuangalia, kama vijana wa mji wanavyokimbilia muziki. Lakini mwezi ukipevuka, ziwa lote linang'aa, taa yako haina kazi, ndakala wanatawanyika. Wavuvi wanakaa nyumbani kushona nyavu na kugombana na wake zao. Beseni linakauka. Na komite ya wazazi ilikuwa imeweka sheria: nyumba ambayo haikutoa, mtoto wake arudi nyumbani mpaka itoe. Maana walisema, tusipokaza, watu watategea. Na ni kweli, watu wangetegea, mimi nawajua.

Basi watoto wa wavuvi walisoma wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa walifukuzwa. Mwezi ukifa walirudi. Kila mwezi hivyo, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyeona ajabu. Jambo likirudiarudia linageuka desturi, na desturi haina mtu wa kuishitaki.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, Atosha. Alikuwa darasa la sita mwaka huo. Mwanangu, nisikudanganye kwa kuwa ni damu yangu: kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko vyote vya nyumbani mwetu. Alikuwa anatandaza ndakala mchangani huku anasoma kwa sauti maneno ya kwenye mifuko ya unga. Lakini elimu yake ilikuwa na matundu kama wavu wa zamani. Mito ya nchi aliijua ya mashariki, ya magharibi hapana. Kujumlisha alikujua, kutoa alikujua. Kuzidisha kulimpita, maana kulipofundishwa mwezi ulikuwa juu, na kuliporudiwa mwezi ulikuwa juu tena. Mwenyewe alicheka. Mimi aliniita Yaya, yaani kaka. Alikuwa anasema, "Yaya, mi nitakuwa mwalimu. Nitafundisha batoto hesabu za giza na hesabu za mwezi, zote."

Mwaka huo alikuwa afanye jaribio la kumaliza darasa la sita. Akishinda, kulikuwa na ndugu wa baba pale Fizi, mji wa wilaya yetu, aliyekubali kumpokea aendelee na sekondari. Asiposhinda, atabaki mchangani na ndakala. Hapakuwa na njia ya tatu, na yeye alijua.

Ndipo Mwalimu Wilondja, mwalimu wa darasa la sita, aliporudi kutoka Baraka na habari. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, shati lake limefuliwa mpaka unaona kifua. Alituita wazazi na vijana uwanjani akasema:

"Leta inatuma enspekteri. Anapita kuangalia shule zenye kuwa na shida, zile bamwalimu banakula kwa bazazi. Shule yenye ataona iko na shida, Leta itabeba muzigo wake yote. Mushahara, paa, chaki, yote. Hakuna mutoto atafukuzwa tena."

Atosha alikuwa nyuma yangu. Alinishika mkono akaukaza mpaka ukauma.

Mwenyekiti wa komite alikuwa Patro Ramazani, yaani bosi Ramazani, mwenye mitumbwi, mtu mkarimu sana. Nataka ulijue hilo. Huyo si mtu mbaya katika maneno haya, wala hakuna mtu mbaya ndani yake, na hapo ndipo machungu yenyewe yalipo. Alisimama akakohoa.

"Mwalimu, enspekteri huyu, si atakuwa mugeni wetu?"

"Ndiyo, Patro."

"Na we unataka mugeni akute tuko nalala njaa?"

"Nataka akute vile tuko."

"Vile tuko!" Ramazani akageukia watu. "Munasikia? Banangu, mugeni habamuonyeshi chungu kitupu. Unakopa kwa jirani, unapika, mugeni anakula, anaenda na jina yako muzuri. Njaa utalala nayo we na bibi yako, mulango umefungwa!"

Watu wakacheka, wakakubali. Hata mimi. Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Nimewahi kumwona mama yangu akichinja kuku wa mwisho, yule wa kutaga, kwa mgeni aliyepotea njia tu. Mwalimu Wilondja alifungua mdomo, akaufunga. Yeye mwenyewe alikuwa anakula kwa beseni la Ramazani. Utabishana vipi na mkono ulio mdomoni mwako?

Basi tukajiandaa. Wanawake wakapaka kuta udongo mweupe. Paa lilikuwa na tundu la kupitisha mbuzi, tukaliziba kwa turubai la mtumbwi. Tukakopa viti vya kanisa, tukakopa mikeka ya msikitini, tukakopa saa ya ukutani kwa muuza duka, nayo haikuwa inatembea lakini ilikuwa inapendeza. Mwalimu tulimkopea abakosti, ile koti ya wakubwa wa wakati wa Zaire, ya shemeji yake Ramazani ambaye alikuwa mnene. Mwalimu alipoivaa alionekana kama mtoto aliyejificha ndani ya gunia. Na kwa vile mwezi ulikuwa mpevu na watoto wa wavuvi wote walikuwa wamefukuzwa, tuliwarudisha darasani kwa siku hiyo moja, tukawavika mashati meupe ya kuazima.

Shangazi Nyassa, dada mkubwa wa baba yangu, alitutazama akiwa amekaa mlangoni kwake anapukuchua mahindi. Nilipopita na viti akaniita.

"We Sadiki! Kuna ndoa?"

"Hapana Shangazi, ni enspekteri."

"Anakuja kuoa?"

"Anakuja kuona shule."

"Na shule imeenda wapi, hata munamuletea ingine?"

Nilicheka nikapita. Nilifikiri ni mzaha wa wazee.

Enspekteri alifika saa ya jua kali, kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Viatu vyake vilikuwa vimechoka, kimoja kimefungwa kwa kamba. Nadhani naye Leta ilikuwa haimlipi vizuri, maana alipoona samaki aina ya mikebuka waliokaangwa kwenye sinia macho yake yalikwenda yakarudi, yakaenda tena. Lakini kazi kwanza. Aliingia darasani. Wazee wa komite walikaa mbele kwenye viti vya kanisa, baba yangu akiwa mmoja wao. Mimi nilisimama mlangoni na wenzangu wa mtumbwi.

"Sitwayeni mwalimu," akasema enspekteri, maana siku hizo za Zaire tulikuwa tunaitana hivyo, yaani mwananchi, "mushahara inakufikia?"

Mwalimu Wilondja alimtazama Patro. Patro akajibu mbele yake:

"Sitwayeni enspekteri, huyu bwana hana shida. Anakula samaki kuliko mimi mwenye mitumbwi!"

Watu wakacheka. Enspekteri akacheka. Mwalimu naye alitabasamu, mikono imepotelea ndani ya ile koti.

"Na batoto, banasoma kila siku?"

"Kila siku!" wazee wa komite wakajibu.

Enspekteri akaangalia mabenchi, akamnyooshea Atosha kidole. Kwa nini yeye, sijui. Labda kwa sababu alikuwa anamtazama sana.

"We binti. Unasoma kila siku?"

Atosha alisimama. Alimtazama baba yetu. Baba alishusha kichwa kidogo tu, hivi, kama mtu anayekubali salamu. Atosha akasema:

"Ndiyo, baba."

"Vizuri. Kuja kwa ubao."

Akamwandikia hesabu ya kuzidisha. Si kubwa. Mtoto wa mkulima aliyekaa karibu naye alikuwa amekwisha kuipata, namwona mpaka leo akihesabu kwa midomo. Atosha alishika chaki. Alisimama pale. Nikasikia turubai linavyopigwa na upepo juu ya paa. Aliandika namba moja, akaifuta kwa kiganja. Akaandika nyingine, akaifuta. Kiganja kikawa cheupe chote.

Mwanangu, ilitosha mtu mmoja aseme. Ilitosha mmoja wetu, mwalimu, baba, mimi kule mlangoni, aseme: bwana mkubwa, siku yalipofundishwa hayo mtoto huyu alikuwa amefukuzwa. Lakini tungesemaje? Tulikuwa tumekwisha kusema anasoma kila siku.

Enspekteri akatikisa kichwa, kwa huruma kabisa, bila hasira.

"Shule nzuri namna hii. Mwalimu muzuri. Bazazi banajitoa. Na we hujui kuzidisha? Binti, hiyo ni uvivu. Kaa chini."

Wengine wakacheka, kwa adabu, kwa sababu mgeni amesema. Atosha alirudi kukaa.

Basi enspekteri akala. Alikula vizuri. Akanawa mikono, akamshika Ramazani mkono akasema maneno ambayo tulishangilia: "Shule hii inasimama kwa miguu yake. Nitaomba Leta isaidie kwanza zile zenye kuanguka. Nyinyi mutatuletea sifa." Akapanda pikipiki akaenda na kapu la ndakala wakavu nyuma. Ndakala wa kuazima, hao nao.

Vijana walipiga vigelegele. Tukaanza kubeba viti kuvirudisha. Ndipo Shangazi Nyassa alipoingia uwanjani na fimbo yake, akasimama katikati ya njia, watu na viti vyao wakasimama.

"Ramazani," akasema. "Nyumba yako ikivuja, unamuita nani?"

"Fundi, Mama Nyassa."

"Fundi akifika, unaziba tundu kwa turubai, unamupa samaki, unamwambia paa ni muzima?"

Ramazani akacheka kidogo. "Mama, hii ni maneno ya banaume ba komite."

"Banaume gani? Banaume ba kukopa saa yenye kufa?" Watu wakaguna. "Sikia nikwambie. Mutoto ana baba. Baba ameshindwa kumulisha, mujomba anamulisha. Vizuri, mujomba ni muntu muzuri. Lakini siku baba anauliza, mutoto anakula? mujomba anajisifu, anakula, amenona! Basi baba analala usingizi. Anazaa bengine. Na siku mujomba wavu wake unakatika, mutoto anakufa na njaa, na baba yuko muzima! Leta njo baba wa hii shule. Bendera ni yake. Muliitiwa baba mumuonyeshe mutoto, mumemuonyesha tumbo ya kuazima."

"Ungetaka tulie mbele ya mugeni?" Ramazani akauliza, sasa bila kucheka.

"Yule si mugeni! Mugeni anakuja kula. Yule alikuja kuuliza. Muntu wa kuuliza, unamujibu." Akageuka akamtafuta baba yangu kwa macho. "Na we, mutoto wa mama yangu. Umekaa kwa kiti ya kanisa, binti yako anaitwa muvivu, umenyamaza. Mficha uchi hazai. Leo mumeficha, na huyu mutoto njo mimba yenye kutoka."

Lilikuwa neno zito, la kutosemwa uwanjani. Watu waliinamisha vichwa. Lakini viti tulivirudisha vilevile, maana wenyewe walikuwa wanavihitaji.

Yaliyofuata ni mafupi. Leta ilikwenda kwa shule nyingine, sisi hatukuiona tena. Mwalimu Wilondja alikaa miezi michache, halafu akaenda Lulimba kuchimba dhahabu. Aliaga watu akisema chaki haitafuniki. Tulisikia baadaye kwamba shimo lilimwangukia. Wengine wanasema alitoka, akaoa hukohuko. Mimi napenda kuamini hawa wa pili. Darasa la sita likakaa bila mwalimu, na siku ya jaribio hakuna aliyekwenda.

Atosha hata mwalimu angebaki asingekwenda. Tangu siku ile alikataa kuvuka uwanja wa shule. Baba alimbembeleza, akamtisha, mwisho akamwacha. Mimi nilimwambia, Atosha, mwezi umekufa, beseni limejaa, rudi. Alinijibu huku anageuza ndakala mchangani, "Yaya, enspekteri amesoma. Kama amesema mi ni muvivu, ameona." Mtoto aliamini. Hilo ndilo sijaweza kulimeza, mwanangu. Tulimwibia mwezi baada ya mwezi wa masomo, halafu tukamwachia yeye hatia.

Akaolewa mapema. Halafu vita vikatufikia, mambo ambayo watu wa Makobola, walikouawa wengi, na wa kwetu hawahitaji kuelezwa, na wasiotoka huku hawatayaelewa hata nikieleza. Tukavuka ziwa, tukaingia kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Na kule kambini, chini ya turubai, palikuwa na shule. Mtoto wa kwanza wa Atosha aliingia. Mwezi ukapevuka, tukangoja afukuzwe. Hakufukuzwa. Mwezi ukafa, ukapevuka tena. Mtoto yuko darasani. Atosha alikuwa anakwenda kusimama mbali, anaangalia tu, kama mtu anayetazama kitu ambacho hajui bei yake. Siku moja akaniambia:

"Yaya, kumbe mutoto wa Fizi, ili asome bila kufukuzwa, inafaa kwanza nyumba yake iungue?"

 

Tulirudi kijijini, kama wengi walivyorudi. Na sasa nifike kwa hili lililonifanya nikusumbue, wewe kijana wa komite ya leo, wewe mzazi mpya mwenye mtoto wa kwanza darasani.

Leta ilitangaza kwamba shule ya msingi ni bure. Nilifurahi, sitaficha. Watoto waliingia mpaka madarasa yakajaa kama ndakala ndani ya beseni, wanakaa chini, wanakaa dirishani, wengine wazee kidogo wenye sauti nzito wanaanza darasa la kwanza. Lakini ahadi ni deni. Mwalimu mmoja mshahara unamfikia, wa pembeni yake anangoja tangu aanze kazi, wanafundisha ukuta kwa ukuta, mmoja ameshiba na mmoja hapana. Madawati hakuna. Na ukimaliza madarasa hayo ya bure, sekondari inakungoja mlangoni na mkono umenyooshwa. Kwa hiyo taratibu, kwa sauti ya chini, beseni limerudi. Siku hizi lina majina mazuri. Wanaliita motisha, wanaliita mchango wa hiari. Na mtoto ambaye mzazi wake hakuwa na hiari, anarudi nyumbani.

Juzi wenzako watatu wa komite walikuja kwangu. Wakubwa wa Leta wanapita kutazama shule, wakasema, na wanataka mzee anayeheshimika awashawishi wazazi watoe, tupake rangi, tutafute viti. Viti tena!

"Mi siende," nikawaambia.

"Muzee, mwalimu asipokula, batoto batasoma na nani?" akauliza mmoja, kwa heshima, lakini amekasirika. "We unatufundisha tuache batoto bakae?"

Na swali lake ni la haki, mwanangu. Usimwamini mzee anayekuambia kwamba jambo hili ni jepesi. Mwalimu ni mtu, ana watoto, tumbo lake halijui hotuba. Nikawaambia wangoje, kuna mtu nataka kumwuliza kwanza.

Baadaye nikaenda kwa Atosha. Sasa ni mwanamke mzima, mjane, anauza ndakala sokoni Baraka. Anapima kwa kopo. Mtu akinunua makopo saba, yeye anajumlisha moja moja, kopo na kopo, midomo inatembea, na vijana wenye simu wanamaliza kabla yake, wanamcheka. Nikamwambia, dada, wakubwa wanakuja. Twende tusimame, useme yaliyokukuta. Neno lako lina uzito kuliko langu.

Aliendelea kupanga makopo yake.

"Hapana, Yaya. Batanipa hesabu tena."

Nikafikiri anatania. Nikamwangalia. Hakuwa anatania. Ana wajukuu, amevuka ziwa na vita, amezika mume kwa mikono yake, na bado anaogopa ubao.

Kwa hiyo nitasema mimi, na wewe unisaidie, maana pumzi yangu ni fupi.

Mwanangu, mwalimu akiwa na njaa, mpe chakula. Mpe kama jirani, kwa mkono wa kuume, usiku au mchana. Lakini usiite hiyo ada ya shule, na asifukuzwe mtoto hata mmoja kwa sababu nyumba yake haikutoa. Siku mtoto wa jirani yako anatolewa darasani, mtoe na wako, mkae wote uwanjani, mpaka aibu imfikie mwenye aibu. Hasara igawanyike. Sisi tulimwachia mtu mmoja aibebe.

Wakubwa wakija, usikope kitu. Waingie chini ya tundu la paa. Mwalimu avae shati lake. Mtoto aliyekuwa nyumbani jana aseme jana nilikuwa nyumbani, na mzazi wake akae hapo karibu akitikisa kichwa kwamba ni kweli. Wakiuliza, jibu. Wasipouliza, sema. Wakienda bila kutenda, watafute tena mwezi ujao, na mwezi mwingine, bila matusi, bila mawe, bila kuchoka. Leta haisikii mara ya kwanza. Mimi nimeishi chini ya majina mengi ya nchi hii na yote yalikuwa na sikio moja zito.

Na mtu akikuambia Leta haina uwezo, mwulize swali la mtu asiyesoma. Mama wa sokoni analipa kodi ya meza. Mtumbwi unalipa bandarini. Muhogo wetu unalipa kwenye vizuizi vya barabara, mara mbili, mara tatu, kabla haujafika Baraka. Dhahabu ya Lulimba inapita mbele ya macho yetu inakwenda. Basi sisi ada tumekwisha kuilipa, njiani. Shule ya Leta ilipwe na Leta, yote: mwalimu na paa, kitabu na benchi, tangu darasa la kwanza mpaka mtoto amalize sekondari. Siyo nusu. Nusu tunaijua. Nusu ndiyo ile iliyomfundisha dada yangu kutoa bila kumfundisha kuzidisha.

Sijakuambia kwamba utashinda. Sikuona ushindi katika umri wangu, na kukupa nisichokiona ni uongo mwingine wa kupokelea wageni. Nakuambia tu usinyamaze mtoto anaposingiziwa kosa la wakubwa.

Mungu wa baba yangu na Mungu wa mama yangu, ambaye najua ni mmoja, akutie nguvu ya magoti ya kusimama mbele ya wakubwa. Akupe sauti isiyotetemeka na jirani wa kusimama nawe. Walimu wako wale kwa jasho lao. Watoto wako wasome mwezi ukiwa mkubwa na mwezi ukiwa mdogo, na asiwepo kati yao hata mmoja atakayezeeka akiogopa chaki. Amina.